Kikohozi Kisichokoma: Majibu kwa Wanaouguza

Baba, mwenye miaka 61, amemaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi 6 na bado anakohoa damu. Sasa wanataka kumwanzishia dozi nyingine. Tukubali?

Ulizeni kwanza kama makohozi yake yaliwahi kuonekana na vimelea, au alianzishiwa dawa kwa kuangaliwa picha ya kifua pekee. Kivuli cha saratani ya mapafu na kile cha kifua kikuu hufanana sana, na barua zinazonifikia kutoka kwa familia zilizopoteza nusu mwaka kwa njia hii zinaniumiza. Makohozi yapimwe upya, pamoja na usugu wa dawa. Vimelea visipoonekana, ombeni rufaa mara moja ili apigwe picha ya CT na achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara. Anayekohoa damu hasubiri miezi 6 mingine.

Hajawahi kuvuta sigara. Anaweza kuwa na saratani ya mapafu?

Ndiyo.

Tunaogopa kinyama. Tumesikia kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa.

Hofu hiyo isiwazuie. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na inasikitisha kwamba bado linaulizwa wakati mgonjwa anaendelea kukonda. Bila kinyama haijulikani ni saratani ya aina gani, na bila kujua aina hakuna daktari atakayepanga dawa wala mionzi kwa uhakika.

Tumetoka Kahama hadi Dar es Salaam, tukaambiwa turudi kwa sababu hatuna majibu ya kinyama. Tulikosea wapi?

Mlisafiri kabla ya karatasi. Sampuli inapopelekwa maabara, mtu mmoja wa familia aandike namba ya sampuli hiyo na kuifuatilia mpaka majibu yapatikane, kwa maana ikipotea hakuna mwingine atakayeitafuta. Majibu hayo yaambatane na barua ya rufaa, orodha ya dawa, kadi ya bima, na picha ya CT pamoja na maelezo yake. Juzi nilimwona mama kwenye benchi la mapokezi akiwa ameikunja filamu ya CT mara nne ili ienee kwenye mkoba. Ilikuwa imepasuka palepale penye uvimbe. Tena, ulizeni kuhusu hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako pia kuna tiba ya saratani, na ni karibu zaidi kwenu. Asiye na bima aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla deni halijawa kubwa.

Mama ameandikiwa morfini ya maji. Ndiyo mwisho?

Hapana, ni dawa ya maumivu. Mpeni kwa saa alizoelekezwa, na kwa kuwa hufunga choo, ombeni dawa ya kukilainisha siku hiyohiyo.