Barua kwa mwanangu aliye benchi

Mwanangu,

Umeniuliza ubaki hapo kama kipa namba mbili, au uhamie timu ndogo udake kila wiki. Mimi nakuuliza: ukiwa benchi huwa unafanya nini?

Kipa wa akiba anaanza mechi dakika ya kwanza. Jezi iwe mwilini, vikinga ugoko ndani ya soksi, glovu miguuni pako. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2006, Paris, Lehmann, kipa wa Arsenal, alilimwa nyekundu dakika ya 18. Almunia, kipa wa akiba, akaingia bila kupasha, na mpira wa kwanza kumkabili ulikuwa faulo ya Barcelona ukingoni mwa boksi. Arsenal ikalazimika kumtoa mchezaji wa ndani ili kipa aingie. Akatolewa Pirès, Mfaransa, mbele ya watu wa nchi yake. Mama yako anajua hilo halijaniisha mpaka leo.

Wakati wa mapumziko usikae. Daka mipira ya chini kwanza, kisha krosi, umalizie na mashuti ya karibu. Paja lililopoa linaweza kuchanika kwenye mruko wa kwanza. Na wasome wapigaji wao wa penalti: mguu gani, upande gani, anakimbia moja kwa moja au anasita.

Krul, kipa wa akiba wa Uholanzi, alijua kabla ya mechi kwamba huenda akaitwa. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, kocha Van Gaal akamwingiza dakika za nyongeza zikiisha. Matuta matano ya Costa Rica, yote akaruka upande sahihi, akapangua mawili. Sebule nzima ya shangazi yako ilisimama! Kipa wa akiba anaanza mechi dakika ya kwanza, ndicho ninachosema siku zote.

Lakini Cillessen, kipa namba moja aliyetolewa, hakuwa ameambiwa. Alitoka akipiga chupa teke. Ni kumdhalilisha? Naona ndiyo. Ila angeambiwa mapema, angedaka dakika 120 akiwaza kutolewa. Hapana, bado angestahili kuambiwa. Nusu fainali na Argentina, nafasi ya tatu ya kubadilisha, ya mwisho enzi hizo, ilikwenda kwa mshambuliaji Huntelaar dakika ya 96. Matuta yakafika, Krul yuko benchi, Cillessen hakuokoa hata moja.

Ulimi unaniwasha nikuambie ubaki. Sisemi, maana sijaona mazoezi yenu. Hesabu wiki hii kocha wa makipa anakupigia mashuti mangapi, na namba moja mangapi. Kisha nipigie simu, usiniandikie.

Baba yako