Gavana katokea wapi? Maswali ya wasomaji wa Kusini

SWALI: Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Masasi. Tumebishana ghalani mpaka tukanuniana: mmoja anashikilia kuwa Gavana wa Benki Kuu sharti awe mchumi, mwingine anasema mbona tumewahi kuwa na mwanasheria. Nani mkweli?

JIBU: Mkweli ni huyo wa pili. Profesa Florens Luoga, aliyekuwa Gavana kuanzia 2018 hadi 2023, ni mwanasheria aliyebobea katika sheria za kodi, na kabla ya hapo alikuwa katika uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mchumi hasa ni aliyemtangulia, Profesa Benno Ndulu (2008 hadi 2018). Huyo alifundisha uchumi chuoni hapohapo, akaongoza taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika yenye makao Nairobi, kisha akafanya kazi Benki ya Dunia. Daudi Ballali, kabla yake, alikuwa amefanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa kule Washington.

Emmanuel Tutuba aliingia Januari 2023 akitokea Hazina, alikokuwa Katibu Mkuu. Njia hiyo ni kongwe kuliko wabishi wenu wote: Edwin Mtei, Gavana wa kwanza mwaka 1966, naye alikuwa Katibu Mkuu Hazina, na mwaka 1977 akarudi huko akiwa Waziri wa Fedha. Nafasi aliyoiacha Tutuba ilichukuliwa na Dk. Natu Mwamba, ambaye naye aliwahi kuwa Naibu Gavana. Kwa hiyo kati ya Hazina na Benki Kuu watu huenda na kurudi.

Sisi tunaona ubishi wa shahada hauna mafuta mengi. Ulizeni mtu huyo alikuwa akimtumikia nani miaka kumi kabla ya uteuzi. Aliyelelewa na Hazina anaijua bajeti ndani nje, lakini Serikali ni mteja wa Benki Kuu na huikopa pia, hivyo kipimo chake ni siku atakapotakiwa kumwambia bosi wake wa zamani kuwa kikomo cha kisheria cha kukopa kimefika. Mwanasheria atasoma kanuni vizuri kuliko wote mezani, ila kwenye takwimu za mfumuko wa bei atawategemea wasaidizi. Ndiyo maana kuna Naibu Magavana wenye maeneo tofauti, na riba ya Benki Kuu, iliyoanza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, hupangwa na Kamati ya Sera ya Fedha. Gavana ni mwenyekiti wa kamati hiyo. Hakai peke yake.

SWALI: Nasoma uhasibu TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi ya Mtwara. Nataka siku moja niwe mkurugenzi wa usimamizi wa mabenki. Nianzie wapi? Ndugu zangu wananiambia bila kujuana na mtu nisahau.

JIBU: Tofautisha ngazi kwanza, mdogo wetu. Gavana na Naibu wake huteuliwa na Rais, na hiyo haiombwi kwa barua. Wakurugenzi wa idara ni habari nyingine: wengi hupanda kutoka chini, na katika usimamizi wa mabenki, chini ni ukaguzi.

Ukishapata shahada, nenda NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ukatafute CPA, yaani sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Wengi hukosea hapa: wanakimbilia shahada ya uzamili mwaka uleule, CPA wanaiweka kiporo, halafu kazi na familia vinawabana. Anza mitihani wakati vitabu bado vimo kichwani, na ukumbuke kwamba kufaulu karatasi hakutoshi, uzoefu wa kazi nao huhesabiwa. Miaka miwili mitatu kwenye dawati la mikopo la benki ya biashara, hata hapo Mtwara mjini, itakufaa kuliko cheti cha tatu.

Mkaguzi hupima mtaji, ubora wa mikopo, menejimenti, mapato, ukwasi (uwezo wa kulipa fedha zinapodaiwa) na jinsi benki inavyoathiriwa na mabadiliko ya soko. Kwenye mikopo ndiko wengi hunaswa. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, na Benki Kuu hutaka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Sasa fungua faili: mkopo wa mnunuzi wa korosho, siku ya 85 haujalipwa hata senti, siku ya 87 umepewa ratiba mpya, na mwezi uliofuata akapewa mkopo mwingine uliolipa ule wa kwanza. Kwenye kompyuta unaonekana mzima kabisa. Mkaguzi anayeugundua, akaandika hoja yake kwa kurasa mbili zenye tarehe na viambatisho ambavyo mwanasheria wa benki hawezi kuvipangua, huyo ndiye anayepanda. Anayegundua asijue kuandika hubaki palepale.

Kuhusu kujuana: matangazo ya ajira hutolewa hadharani na usaili wa kuandika upo. Jiandae na huo kwanza.

SWALI: Je, si hatari mtu wa benki ya biashara kwenda kuwasimamia wenzake? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Hatari ipo, na faida ipo. Anajua vichaka vyote wanavyojifichia. Cha kuangalia ni kama bado ana hisa au mkopo nafuu kule alikotoka, na kama hujitoa kwenye maamuzi yanayoihusu benki hiyo. Jerome Powell, aliyeteuliwa kuongoza Benki Kuu ya Marekani, ni mwanasheria kwa taaluma na aliwahi kufanya kazi kampuni kubwa ya uwekezaji, na kabla ya kuidhinishwa alihojiwa na Seneti mbele ya kamera.

SWALI: Korosho zetu Nachingwea sasa zinauzwa kwa mnada wa TMX. Huyo naye anasimamiwa na Gavana?

JIBU: Hapana. TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, liko chini ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa Sheria ya Masoko ya Bidhaa ya 2015. Kiongozi wa CMSA ni Mtendaji Mkuu, si Gavana, na mwenyekiti wa bodi ni mtu mwingine. Benki Kuu vyeo hivyo viwili anavyo Gavana mwenyewe. Ukisoma wasifu wa kiongozi wa CMSA tafuta uzoefu wa hisa, hatifungani na minada. Lalamiko la bei ya mnada ukilipeleka tawi la Benki Kuu pale Mtwara watakupokea vizuri, kisha watakuelekeza kwingine.