Taa zangu ziliwaka zote, na wifi alikuwepo

Krismasi iliyopita nilichomeka taa za mti mbele ya wageni, zikawaka zote. Zote! Nikamtazama wifi yangu. Akawa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ili mnielewe, lazima niwarudishe Krismasi ya kabla ya hiyo. Wageni wameshafika, mimi nimekaa sakafuni na fundo la waya kubwa kama kichwa cha mtoto, kucha imeng'oka nusu. Nilipolifumua, nusu ya taa zikawaka, nusu zikagoma. Nyota ya juu ya mti ni ya betri. Kufungua kifuniko, nakuta unga mweupe umeganda kwenye vile vispringi: betri zilikaa humo mwaka mzima zikavuja. Malaika wa karatasi niliyemnunua nikiwa na mimba ya kwanza alikuwa na bawa moja. La pili mende walilila, wakianzia kwenye gundi. Ndipo wifi akasema, kwa upole kabisa, "Si ungeacha tu, wifi? Mapambo si lazima." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Usiku ule sikulala.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mapambo hayaharibikii ukutani. Yanaharibikia kwenye boksi, miezi kumi na moja, na chanzo ni siku ya kuyashusha. Siku hiyo umechoka, sherehe imeisha, unasokomeza kila kitu ili mradi kifuniko kifunge. Nilikuwa hivyo hivyo.

Safari iliyofuata nilijipa siku nzima. Taa niliziwasha zikiwa bado ukutani, nizijue zinazoumwa. Zile za zamani zimeunganishwa kwa mfuatano, balbu moja ikilegea kipande kizima kinazimika. Nilizibonyeza moja moja hadi nikampata mkorofi. Kisha nikakata kipande cha boksi gumu, nikachanja mkato mdogo pembeni wa kubana waya, nikazungusha taratibu bila kuvuta. Plagi iache ining'inie nje, ili mwakani ujaribu taa kabla hujafumua chochote. Hiki ndicho kitu ninachojivunia kuliko vyote, msinicheke.

Betri, toa. Narudia, toa betri.

Mipira ya kioo inakaa vizuri kwenye trei za mayai, ila ziwe safi, la sivyo umewaalika wadudu. Usiifunge kwa gazeti. Mpira wangu mweupe ulitoka na kichwa cha habari kilichoandikwa kinyumenyume. Mishumaa nayo usiiweke darini: yangu mitatu ilikutana na joto ikawa mmoja. Boksi la karatasi hunywa unyevu na mende wanalipenda. Nilihamia kwenye kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana, nikatupia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Jina la kasha liandike ubavuni, maana ukishapanga moja juu ya jingine, juu hapasomeki.

Kuhusu mti wa plastiki sina jipya. Funga matawi kwa utepe wa kitambaa. Raba huoza ikagandana nayo.

Na nyie mnaosema hamna muda, muda wa kupamba mliutoa wapi? Mtu anapiga picha ishirini za sebule yake inayometameta, halafu mwezi unaofuata anakunja kila kitu kama nguo chafu. Heshimu ulichokinunua kwa jasho lako. Na betri toa.

Wifi aliondoka wa mwisho siku ile. Mlangoni akaniuliza, akiangalia viatu vyake, nafungaje zile waya. Nikamwambia nitaandika. Haya wifi, kipande cha boksi gumu, mkato mdogo, plagi nje.