Rangi za vyumba: tazama kwanza jua linaingilia wapi

Dada, umeuliza upake rangi gani sebule na vyumba viwili vya nyumba yako mpya ya Mukono, na umesoma mtandaoni kuwa chumba kinachotazama kaskazini kina baridi, hivyo kinataka rangi za joto. Kwa Uingereza ni kweli. Kwetu Uganda hapana. Ikweta ipo hapo Kayabwe, njia ya Masaka. Jua la mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni, kusini mwezi wa Desemba, na mwaka ukiisha madirisha ya pande hizo mbili yamepata mwanga unaokaribiana. Wewe ulizia mashariki na magharibi.

Chumba cha magharibi hupigwa na jua tangu saa tisa alasiri, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyozidi wekundu. Sebule ya nyumba tuliyopanga Ntinda, Kampala, ilikuwa hivyo, nayo ilikuwa na rangi ya chungwa hafifu. Jioni kuta ziliwaka hadi wageni wakahamia barazani. Tulipopaka kijivu chepesi chenye ubuluu kidogo, chumba kilitulia. Cha mashariki kikishapoteza jua la asubuhi hupoa, kwa hiyo krimu au manjano hafifu hukifaa.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kilichopo nje ya dirisha. Nyumba zetu zina baraza pana, na chumba kilicho nyuma ya baraza hupata zaidi mwanga uliodundia ardhini. Ua ukiwa wa udongo mwekundu, ukuta mweupe na dari huonekana na wekundu fulani. Migomba ikisimama karibu na dirisha, weupe huohuo unageuka ukijani, na nyuso za watu zinaonekana kama za wagonjwa. Hapo mimi huchagua nyeupe yenye ukrimu kidogo.

Usichague kwa kile kikaratasi cha dukani. Rangi ikienea ukuta mzima hukolea kuliko ilivyoonekana pale. Nunua kopo dogo, paka mara mbili kwenye eneo la mita moja hivi, kwenye ukuta ulio karibu na dirisha na ule wa mbali nalo. Tazama asubuhi, adhuhuri, jioni, halafu usiku kwa balbu utakazotumia kweli. Balbu ya mwanga wa njano huifanya buluu ifubae, na ile nyeupe kali huipausha krimu.

Kwa kuwa nyumba ni mpya, subiri plasta ikauke, angalau wiki nne, hata fundi akikuharakisha. Saruji mbichi hubabua rangi, ukabaki na mabaka. Koridoni na jikoni weka rangi ya kung'aa kidogo inayofutika, maana vumbi letu na mikono ya watoto havikwepeki. Na makopo ya chumba kimoja yanunue siku moja, yenye namba ileile ya toleo, uyachanganye kwenye ndoo kubwa kabla fundi hajaanza.