SSD isiyo na DRAM na hifadhidata kubwa: tatizo liko kwenye jedwali la anwani

Ndugu mleta mada ameeleza kwamba ameweka SSD ya NVMe ya TB 2, isiyo na DRAM (yaani chipu ya RAM ya diski yenyewe), kwenye seva ya MySQL, programu ya hifadhidata, yenye data ya GB 300 hivi. Programu ya kupima kasi, CrystalDiskMark, inampa namba nzuri kama zilivyoandikwa kwenye boksi, lakini maswali ya kawaida kwenye hifadhidata yanachelewa, naye anauliza kama ameuziwa diski bandia. Nilikutana na hali hiyohiyo kwenye seva ya kumbukumbu za wagonjwa niliyokuwa nikiitunza, na baada ya siku kadhaa za kupima niliridhika kwamba diski ilikuwa nzima. Kilichokuwa kidogo ni kache, yaani hifadhi ndogo ya haraka, ya tafsiri za anwani.

Chipu za NAND, zinazohifadhi data ndani ya SSD, zina tabia moja inayozaa yote haya: ukurasa uliokwisha kuandikwa hauwezi kuandikwa tena mpaka bloku nzima, yenye megabaiti kadhaa, ifutwe kwanza. Kwa hiyo diski haibadilishi data pale ilipo. Huandika toleo jipya mahali pengine palipo wazi, kisha huweka kumbukumbu kwamba anwani ileile inayojulikana na mfumo endeshi sasa inaelekea mahali papya. Kumbukumbu hizo zote ndizo jedwali la tafsiri ya anwani, na hakuna usomaji wa data unaoweza kufanyika kabla jedwali hilo halijaulizwa. Kwa kawaida kila KB 4 za data zina ingizo moja la baiti 4, hivyo jedwali zima huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya ukubwa wa diski: GB 1 kwa diski ya TB 1, na GB 2 kwa diski yako.

SSD yenye DRAM hulibeba jedwali lote, au karibu lote, katika DRAM hiyo. Isiyo nayo huliacha kwenye NAND na kupakia vipande vyake tu katika kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kontrola, chipu inayoiendesha diski. Ili kupunguza makali, toleo la 1.2 la kiwango cha NVMe la mwaka 2014 liliruhusu diski kuazima sehemu ya RAM ya kompyuta, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama HMB (Host Memory Buffer, yaani bafa ya kumbukumbu ya kompyuta), na Linux ilianza kuuunga mkono katika kerneli 4.13 ya mwaka 2017. Seva yangu ilikuwa imeipa diski MB 64 za RAM kwa njia hiyo. Fanya hesabu: MB 64 ni maingizo milioni 16 na ushei, na kila ingizo linaonyesha KB 4, kwa hiyo kache nzima inafikia GB 64 za data na si zaidi. Hifadhidata ya GB 300 inayosomwa huku na kule itakuta sehemu kubwa ya anwani zake haimo katika kache. Kila ikikosekana, kontrola husoma NAND mara mbili, kwanza kutafuta ingizo la jedwali, kisha kusoma data yenyewe, na kila usomaji wa NAND huchukua makumi ya mikrosekunde. Hapo ndipo ucheleweshaji wako unapotoka.

Kuhusu kipimo kilichokupa matumaini, CrystalDiskMark isipobadilishwa hupima faili la GB 1. Jedwali la eneo hilo ni MB 1 tu, linaingia lote katika kache bila shida, na kipimo hakiligusi kabisa tatizo ulilonalo. Namba ni za kweli, ila zinajibu swali jingine.

Mimi nilitumia fio, programu ya kupima diski, nikasoma vipande vya KB 4 bila mpangilio, ombi moja kwa wakati, huku nikiikwepa kache ya mfumo endeshi kwa direct=1, nikapanua eneo la kupimwa kutoka GB 1, hadi GB 10, hadi diski nzima. Mara ya kwanza nilikosea: diski ilikuwa tupu, na anwani ambayo haijawahi kuandikwa, au iliyofutwa kwa TRIM (amri inayoiambia diski kwamba data haihitajiki tena), haina mahali popote kwenye NAND, kwa hiyo kontrola hurudisha sifuri papo hapo na kasi huonekana ya ajabu. Ijaze diski kwanza, ndipo upime. Nilipofanya hivyo, muda wa kila usomaji ulikaa palepale hadi eneo lilipopita GB 60 hivi, kisha ukaanza kupanda, na kwenye diski nzima ulikaribia mara mbili ya ule wa awali. Anayependa kuona nadharia ikithibitika mbele ya macho yake afanye jaribio hili, lakini kwenye diski isiyo na data ya mtu.

Hakikisha pia kwamba HMB inafanya kazi kweli. Amri ya nvme id-ctrl itakuonyesha hmpre na hmmin, yaani kiasi ambacho diski inapendelea na kiwango cha chini inachohitaji, vyote kwa vipimo vya KB 4, na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itakuambia kiasi kilichotolewa. Kikomo cha kerneli, max_host_mem_size_mb, ni MB 128 kisipobadilishwa. Ukiipima diski kupitia kasha la USB, matokeo hayatakusaidia, kwa sababu chipu ya kasha husimama katikati na diski haiwezi kuifikia RAM ya kompyuta. Na kwa wale wanaohofia kukatika kwa umeme: kiwango cha NVMe kinaitaka kontrola ihakikishe kwamba data haipotei wala kuharibika hata RAM iliyoazimwa ikitoweka ghafla.

Sasa tiba, na hapa ndipo ningependa usikilize kwa makini kuliko pengine pote, kwa sababu watu wengi hukimbilia kununua diski nyingine. Kwenye seva yangu innodb_buffer_pool_size, yaani kiasi cha RAM ambacho MySQL hutumia kuweka data iliyosomwa, ilikuwa imeachwa kwenye MB 128 za kuanzia, ilhali mashine ilikuwa na GB 32 za RAM. Niliipandisha hadi GB 20, na sehemu kubwa ya usomaji haikufika tena kwenye diski.

La pili lilikuwa muundo wa jedwali kuu la hifadhidata, ambalo ufunguo wake wa msingi ulikuwa UUID (kitambulisho kirefu cha kipekee) ya nasibu. InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi data, hupanga safu kwa kufuata ufunguo huo, kwa hiyo kumbukumbu za leo zilitawanyika katika hifadhidata nzima. Kontrola hupakia maingizo ya jedwali la anwani kwa kurasa, na ukurasa wa KB 4 una maingizo 1,024 yanayofikia MB 4 za data zinazopakana. Data ikikaa pamoja, upakiaji mmoja unatosha kwa maombi mengi, na ikitawanyika, kila ombi linadai upakiaji wake. Nilihamia kwenye ufunguo wa namba unaoongezeka, nikaibakiza UUID kama safuwima yenye faharasa yake. Faharasa hiyo bado husomwa bila mpangilio, lakini ni ndogo kuliko jedwali la hifadhidata na inaingia yote katika RAM.

Baada ya mabadiliko hayo mawili diski ileile iliendelea na kazi, wala hakuna aliyelalamika tena. Hata hivyo, kama data yako inakua na usomaji wake ni wa kutawanyika kwa asili yake, nunua SSD yenye DRAM, na kwa seva ichague yenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Tofauti ya bei inastahili kulipwa. Kabla ya kununua, tafadhali weka hapa thamani ya innodb_buffer_pool_size, muundo wa jedwali lako kubwa kuliko yote, na mstari wa dmesg unaotaja bafa ya kumbukumbu, nami nitakuambia ni kipi kati ya hivyo kinachokukwamisha.