Maswali ya Wasomaji: Wati 600 za Kibandiko

SWALI: Nimeunda kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki ya GeForce RTX 3060, RAM ya GB 16 na SSD moja. Pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ni ya zamani, imeandikwa wati 600. Kuperuzi hakuna shida, lakini nikifungua gemu mashine inazima ghafla. Ninunue ya wati 850?

JIBU: 850 za nini? Piga hesabu kwanza. Prosesa hiyo, kama hujaiongezea kasi, huvuta hadi wati 76. Kadi ya grafiki 170. Ubao mama, RAM, SSD na feni tuviwekee 50. Jumla haifiki 300. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 inatosha, na ndicho kiwango ambacho NVIDIA wenyewe wanakipendekeza kwa kadi hiyo.

Sasa fungua keisi usome kibandiko, safu ya +12V (njia ya umeme wa volti 12), maana prosesa na kadi ya grafiki hula humo. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta ampea 22, una wati 264 tu. Zilizobaki zimehesabiwa kwenye 3.3V na 5V, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo, au ni namba ya kuuzia. Isitoshe, kadi ya grafiki haivuti umeme kwa utulivu: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hupanda juu kuliko hizo 170, ulinzi wa pawasaplai unakata, na mashine inazima bila kutoa ujumbe wowote wa kosa.

Tafuta yenye ampea 40 na zaidi kwenye 12V. Alama ya 80 Plus isikutie kiwewe; inapima umeme unaopotea njiani tu, na ngazi yake ya Bronze inatosha. Dhamana ya miaka 5 inasema mengi kuliko rangi ya medali.

Kama pawasaplai zote mbili, ya zamani na mpya, ni za nyaya za kuchomoa, toa nyaya za zamani zote, hata zile zinazoingia vizuri. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Waya usio wake unaweza kupeleka 12V panapotakiwa 5V, na diski ikaungua papo hapo. Plagi ya prosesa hugawanyika 4+4, ya kadi 6+2. Ikigoma kuingia, si yake. Adapta za Molex (plagi za zamani za pini nne) za kulisha kadi ya grafiki achana nazo kabisa.

SWALI: Naweza kuanza na Ryzen 5 5600 bila kadi ya grafiki, nichomeke skrini kwenye HDMI ya ubao mama?

JIBU: Feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi. Prosesa hiyo haina grafiki ndani, chukua 5600G. Na kama ubao mama ni wa aina ya B450, uliza kwanza kama BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) imesasishwa, la sivyo haitaitambua prosesa.