Mama kaandikiwa mofini: je, ndiyo mwisho?

SWALI: Shikamoo muuguzi. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Amekuwa akimeza dawa ya maumivu, tramadoli za miligramu 50, mbili asubuhi na mbili jioni, lakini usiku bado analia. Kliniki wamembadilishia, wamempa mofini ya maji, miligramu 5 kila baada ya saa 4. Mama mdogo kaifungia kabatini, anasema hiyo ni ya mtu anayekata roho. Kaka yangu aliye Muscat anataka kutuma vibandiko vya fentanili, eti ndiyo dawa ya kisasa. Tushike ipi?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Chupa itoeni kabatini leo hii.

Ndugu wengi wanalinganisha dawa hizi kwa majina, wakati cha kulinganisha ni dozi. Kwa makadirio tunayotumia sisi wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa), miligramu 10 za tramadoli zinakaribia miligramu 1 ya mofini ya kunywa; kodeini, dawa nyingine ya maumivu, nayo ni hivyo hivyo. Mama alikuwa anapata tramadoli 200 kwa siku, sawa na mofini kama 20. Sasa atapata 5 mara sita, yaani 30. Hiyo ni nyongeza ya wastani kwa mtu anayelia usiku, wala haina uhusiano wowote na kukata roho.

Kwa nini wasimwongezee tramadoli tu? Kwa sababu ina kikomo. Ikifika 400 kwa siku unasimama. Ukizidisha, hatari ya degedege inapanda. Kodeini nayo inasubiri ini liigeuze kuwa mofini, na maini ya watu hayafanani: huyu anameza asisikie nafuu, yule analewa kwa dozi ndogo. Mofini yenyewe haina kikomo cha namna hiyo. Maumivu ya saratani yakipanda, daktari anaipandisha kidogo kidogo. Nina mgonjwa muuza mboga ambaye dozi ya saa 4 asubuhi anainywa akiwa gengeni kwake, kisha anaendelea kupanga nyanya.

Sirinji ya kupimia waombeni kliniki, msitumie kijiko cha chai. Someni lebo: ni miligramu ngapi katika kila mililita 5? Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na Uganda huitia rangi ili zisichanganywe. Chupa mpya ikija, someni upya. Tramadoli zilizobaki asizimeze pamoja na mofini bila kliniki kusema.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, pengine na kichefuchefu. Mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu akipata nafuu hulala, msiogope. Cha kuogopa ni akiitwa haamki, au anapumua polepole mno: dozi inayofuata asipewe, akimbizwe hospitali. Kufunga choo ndiko mwili hauzoei kamwe. Papai na maji ni vizuri lakini havitoshi. Aanze bisakodili, dawa ya kufungua choo, usiku wa kwanza, asisubiri tumbo limvimbe.

Sasa vibandiko. Kile cha namba 25 (mikrogramu 25 kwa saa) hukaa kwenye ngozi siku 3 na nguvu yake ni kama mofini 60 au zaidi kwa siku, mara mbili ya anayoanza nayo mama. Huchukua nusu siku au zaidi kushika, kwa hiyo usiku wa kwanza atalia vilevile. Na kikimzidi, hata ukikibandua dawa iliyokwisha ingia kwenye ngozi inaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Homa nayo huifanya iingie kwa kasi zaidi. Kimewaua watu ambao miili yao haijazoea dawa hizi. Isitoshe, hizi ni dawa zinazodhibitiwa na sheria, hazitumwi kwenye mizigo kama nguo. Kaka atume nauli ya kliniki.

Jambo moja nakuomba ulifuatilie kila siku: mkojo. Saratani ya mlango wa kizazi huweza kubana mirija inayotoka kwenye figo, na figo zikishindwa, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini. Ukiona mkojo unapungua, mikono inashtuka-shtuka au anaweweseka, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo. Watapunguza dozi au wataongeza saa kati ya dozi na dozi. Na dozi ikishatulia, hapo ndipo fentanili inaweza kufaa, kwa kuwa haizitegemei figo sana, lakini iwe ya kuandikiwa na daktari wake.